Aprili Ikiisha, Lifti Ipi Bado Inazunguka? Arapahoe Basin, Breckenridge na Vituo Vingine vya Mwisho wa Msimu

Kuanzia katikati ya Machi, sisi Waswahili wa Denver na Aurora, hapa Colorado, tunaopenda kuteleza kwenye theluji huanza kuulizana: mwisho wa msimu twende mlima upi? Jua limerudi, bei zimeanza kushuka, watoto wanakaribia likizo, na kule juu theluji bado ni ya kutosha. Lakini kila mwaka wapo wanaorudi nyumbani wamefura. Waliambiwa mlima uko wazi, wakalipa, wakaendesha gari asubuhi na mapema, wakafika na kukuta nusu ya lifti, yaani viti vya waya vinavyopandisha watu mlimani, zimefungwa bila mtu kuwaeleza mapema.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yao. Nitakaa zaidi kwenye Arapahoe Basin na Breckenridge, kwa kuwa hapo ndipo wengi wetu tunapokwama kuchagua, kisha nitapita Loveland na Winter Park, na kuwagusia ndugu walioko California na pwani ya mashariki. Kipimo changu kikuu si wingi wa theluji. Nataka kujua kama mtu akisoma tangazo la kituo akiwa sebuleni kwake, ataweza kusema ni lifti ipi atakayopanda akifika.

Mlima kuwa wazi na lifti kuwa wazi ni mambo mawili

Kituo kikitangaza kwamba kitakuwa wazi hadi katikati ya Mei, kinachoahidi ni kwamba walau lifti moja itazunguka hadi siku hiyo. Zile nyingine hufungwa kwa awamu. Upande huu unafungwa Jumapili ya kwanza ya Aprili, ule wiki mbili baadaye, na mwishowe watu wote wanajazana kwenye viti vya lifti moja au mbili.

Sababu zipo, na nyingi ni za haki. Jua la Aprili huanza na miteremko inayotazama kusini, nayo huvuliwa theluji huku ile ya kaskazini ikiwa bado myeupe. Usiku usipoganda, theluji inakuwa nzito na tepetepe, na askari wa doria ya mlimani hulazimika kufunga miteremko mikali kabla ya adhuhuri kwa hofu ya maporomoko. Halafu kuna wafanyakazi. Baadhi ya wanaosimama kwenye lifti na kuuza chakula ni wanafunzi wa vyuo kutoka Peru, Argentina, Chile na Brazili, wanaokuja kwa viza ya J-1 katika likizo yao ndefu inayoanza Desemba. Machi ikiisha wanafunga virago kurudi masomoni, na kituo hakina tena mikono ya kuendesha kila lifti. Mafundi nao wanasubiri: lifti itakayobadilishwa kiangazi hung'olewa mara tu theluji inapowaruhusu kufika.

Sasa angalia orodha hiyo. Jua la Aprili halimshtui mtu. Mikataba ya wafanyakazi inajulikana tangu Novemba. Lifti mpya inaagizwa mwaka mzima kabla. Yaani sehemu kubwa ya kufunga huku inafahamika ofisini wiki nyingi kabla ya mteja kununua tiketi, na kituo kikinyamaza kimeamua kunyamaza. Hapo ndipo hasira yangu ilipo.

Zipo dharura za kweli, sikatai. Jumamosi jioni ya Machi 14, 2020, kampuni za Vail Resorts na Alterra zilitangaza kufunga vituo vyao vyote vya Amerika Kaskazini kuanzia kesho yake, kwa sababu ya corona. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo. Upepo ukivuma, kiti cha juu kinasimama. Radi za Mei zikianza kupiga, lifti zote zinasimama, na wewe mwenyewe hungetaka kuning'inia kwenye waya wa chuma wakati huo. Tatizo ni ile sentensi ndogo chini ya kila tangazo, "kutegemea hali ya hewa", inayochanganya radi ya saa nane mchana na uamuzi uliopitishwa mwezi uliopita. Kituo kizuri hutenganisha hayo mawili.

Kuna familia ya shemeji yangu iliyokuja kututembelea kutoka Minneapolis mwishoni mwa Aprili, ikaenda kituo ambacho sitakitaja. Ukurasa wa tiketi ulisema kiko wazi. Walipofika, mtoto wa miaka saba alikuwa tayari amevalishwa buti za kukodi, zile ngumu zinazofungwa kwa bizimu nne, mtoto hawezi hata kupanda ngazi nazo. Kwenye mlango wa lifti ya wanaoanza kulikuwa na kamba ya rangi ya chungwa, na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki: imefungwa kwa msimu huu. Haikuwa imefungwa asubuhi ile. Ilifungwa siku kumi nyuma. Lifti iliyobaki ilikuwa inapanda hadi miteremko ambayo mtoto anayeanza hana pa kuteremkia. Msichana wa dirishani alikuwa mpole, akasema maneno ambayo bila shaka ameyarudia siku nzima: tuko wazi kweli, tangazo halikukosea. Tiketi walirudishiwa. Vifaa na somo, waandike barua pepe. Mtoto akavuliwa buti akiwa amekaa kwenye ngazi, watu wazima wanapita pembeni yake.

Tangu hapo, anayeniuliza aende wapi namuuliza kwanza anakwenda na nani.

Arapahoe Basin dhidi ya Breckenridge

Vituo hivi viwili viko wilaya moja, Summit, na vyote huvuta msimu hadi Mei. Kwenye ramani ni majirani. Mwisho wa msimu vinafanya kazi kwa namna tofauti kabisa.

Arapahoe Basin, A-Basin kwa wenyeji, iko juu sana. Chini kabisa, pale unapoegesha gari, ni mita 3,286 kutoka usawa wa bahari, na kilele kinakaribia mita 3,980. Hakuna mji pale, hakuna hoteli, ni mlima, maegesho na jengo la chakula. Kwa urefu huo, na kwa miteremko yake ya mbele inayotazama kaskazini, theluji inakaa. Mwaka 2019 ilifunga Julai 4. Mwaka 1995, ambao wazee wa skii hapa bado wanausimulia, ilifika hadi Agosti 10. Hata 2020, baada ya corona kufunga kila kitu, ilifungua tena Mei 27 kwa nafasi chache za kuweka mapema.

Kwa nini naipa alama za juu katika mawasiliano? Kwanza, mlima wenyewe unaeleweka. Upande wa nyuma, bonde la Montezuma, unatazama kusini, kwa hiyo lifti yake ya Zuma ni miongoni mwa za kwanza kufungwa, na anayejua jua linapita wapi angeweza kukisia mwenyewe. Mwishoni kinachobaki ni uti wa mgongo wa mlima: lifti ya Black Mountain kutoka chini, kisha Lenawee kwenda juu. Pallavicini, ule mteremko mkali uliojaa vibonge (vilima vidogo vidogo vya theluji) ambao mashujaa hupenda kujipimia, huendelea kwa muda theluji ikiruhusu. Ukiwa na picha hiyo kichwani, hutashangaa sana.

Pili, kuna mazoea ya kusema. Kwa miaka mingi kiongozi wa kituo, Alan Henceroth, alikuwa akiwaandikia watu mwenyewe, karibu kila siku, akieleza lifti ipi itafungwa, theluji imebaki kiasi gani, doria wanahofia nini. Mteja anayesomewa sababu na mtu anayeupanda mlima kila asubuhi humsamehe mengi. Alterra ilikinunua kituo hiki mwaka 2024, na ninachoomba ni kwamba mazoea hayo yasimezwe na ukubwa wa kampuni.

Breckenridge ni kitu kingine. Ni mji kamili, wenye hoteli, maduka na mabasi ya bure, ukiwa kwenye mita 2,926 hivi. Vilele vyake vya kuteleza ni vitano, kuanzia Peak 6 hadi Peak 10, na ndiyo yenye lifti ya viti iliyo juu kuliko zote Amerika Kaskazini, Imperial Express, inayokushusha kwenye mita 3,914. Zamani msimu uliishia Aprili. Kuanzia msimu wa 2018-19 uongozi uliamua kuusogeza hadi Mei, na kwa hilo nawapongeza kwa dhati, maana kwa wenye Epic, pasi ya msimu ya Vail Resorts, hapa Colorado hakuna pengine pa kwenda wakati huo.

Lakini tazama jinsi unavyosogezwa. Kwa kawaida Peak 9 na Peak 10 hufungwa Aprili, na kazi yote huhamia Peak 7 na Peak 8. Kwa mteja wa mara moja, hili ndilo la kulijua kuliko yote, kwa sababu Peak 9 ndiyo yenye njia pana za wanaoanza, na chini yake ndipo zilipo baadhi ya nyumba kubwa za wageni zinazojitangaza kwamba unatoka mlangoni ukiwa umeshavaa skii. Ukiweka chumba pale kwa wiki ya mwisho ya Aprili, unaweza kujikuta umelipia mlango unaotazama lifti iliyosimama, na kila asubuhi unapanda basi na buti mkononi kwenda Peak 8. Anayekuuzia chumba hana haraka ya kukwambia. Kituo hutangaza hatua hizo, lakini lazima uzitafute. Zinakaa kwenye kurasa za hali ya mlima, mbali na dirisha unakolipia. Na ile Imperial, ambayo picha yake ndiyo inayovutia watu, husimama kwa upepo mara nyingi hata katikati ya msimu, kwa hiyo usifunge safari kwa ajili yake peke yake.

Njia ya kufika nayo ina uzito wake. Breckenridge unapita barabara kuu ya I-70, handaki la Eisenhower, Frisco, umefika. A-Basin njia fupi kutoka Denver ni kupanda Loveland Pass, mita 3,655, barabara ya kona kali isiyo na kingo sehemu nyingi, ukipishana na malori ya mafuta yasiyoruhusiwa kupita ndani ya handaki. Dhoruba ya Aprili ikiifunga, inabidi upite handaki na kuzungukia Dillon na Keystone. Tairi zako zikiwa zimechoka, zungukia huko hata kama jua linawaka.

Kwa hiyo A-Basin au Breckenridge? Kwa mtu anayejua kuteleza vizuri, anayetaka siku moja na kurudi nyumbani, namwambia A-Basin bila kusita. Theluji ya pale asubuhi ya Mei, ikishaganda usiku na kuanza kulegea kwenye saa nne, huwa punje punje kama chenga za mchele, na skii inapita juu yake kwa ulaini ambao Januari huupati. Saa saba inakuwa uji, nenda kachome nyama kwenye maegesho yaliyo jirani na mteremko, ambako kila familia ina jiko lake na muziki wake. Kwa kundi lenye wasioteleza, bibi aliyekuja kutembea, mtoto mchanga, mtu anayetaka kuzunguka madukani, Breckenridge inafaa zaidi, kwa sharti kwamba mmelala upande wa Peak 8 na mmeshahakikisha njia ipi ya wanaoanza bado iko wazi.

Loveland, na Mary Jane

Loveland iko upande wa Denver wa handaki, na hiyo peke yake inakuokolea saa nzima ya foleni ya Jumapili. Si mali ya kampuni kubwa, haimo kwenye Epic wala Ikon (pasi ya Alterra), maegesho ni bure. Kwa kawaida hufunga mwanzoni mwa Mei. Ina sehemu mbili, Loveland Basin na Loveland Valley, na hii ya pili ya wanaoanza hufungwa mapema kuliko ya kwanza. Nasema tena, ya wanaoanza hufungwa mapema. Tofauti yao na wakubwa ni kwamba mlima wenyewe ni mdogo wa kutosha mtu mmoja kwenye simu kuujua wote. Piga asubuhi, atapokea binadamu, muulize lifti namba 9 inayopanda hadi mgongo wa bara (Continental Divide, safu inayogawa mito ya mashariki na magharibi) inazunguka au la, atakujibu. Hilo silipati kila mahali.

Winter Park huwa na mpangilio ulio wazi kuliko unavyodhaniwa: upande wa Winter Park wenyewe hufunga Aprili, na Mary Jane, mlima wa vibonge na miteremko ya watu wazoefu, huendelea. Ukishajua hivyo umejua karibu yote. Treni ya Winter Park Express kutoka Union Station ya Denver ni ya kipindi cha baridi, usiitegemee mwisho wa msimu.

Walio mbali na Colorado

Kwa walioko Los Angeles, Mammoth Mountain ndiyo jibu, na sina haja ya kurefusha. Mwaka 2017 ilifika Agosti 6, na 2023 ikafika tena Agosti 6, baada ya msimu ulioangusha zaidi ya mita 18 za theluji pale Main Lodge. Utaratibu wao unafanana na wa Breckenridge kwa jambo moja: milango ya chini, Eagle Lodge na Canyon Lodge, hufungwa kwanza, na mwishowe kila kitu huanzia Main Lodge. Panga nyumba yako kwa kulifikiria hilo. Ila wao ratiba hiyo imekuwa desturi ya miaka mingi na wenyeji wanaijua kichwani, kwa hiyo ukimuuliza yeyote kwenye mji ule utajibiwa.

Kule Vermont, Killington wana mbinu ninayoiheshimu. Wanarundika theluji ya mashine kwenye njia moja, Superstar, ile ile ambayo mashindano ya Kombe la Dunia la wanawake yalianza kufanyika Novemba 2016, na kwenye majira ya kuchipua hubaki na njia hiyo moja na lifti yake. Mlima mkubwa unakuwa kama mtaro mweupe katikati ya nyasi. Lakini hakuna anayedanganywa, maana unachonunua ni mteremko mmoja mgumu wenye vibonge, nao wanakwambia hivyo. Mwenye kuupenda aende. Asiyeweza vibonge abaki nyumbani.

Kuhusu pesa

Watu wa pasi za msimu hujiona wamesalimika, kwamba hawapotezi kitu lifti zikifungwa. Si kweli. Wamekwisha kulipa tangu mwaka uliopita, kabla ya kujua ratiba ya Aprili, na masharti ya pasi kwa kawaida hayahesabu lifti moja moja. Mlima ukiwa na lifti moja inayozunguka, kwao umefunguliwa. Mwenye tiketi ya siku ana nguvu zaidi, kwa sababu anaweza kusubiri hadi jioni ya kuamkia safari.

Kusema ukweli mapema kunalipa hata upande wa kampuni. Park City, Utah, askari wa doria walipogoma kuanzia Desemba 27, 2024 hadi Januari 8, 2025, sehemu kubwa ya mlima haikufunguka katikati ya likizo, na wageni waliolipa bei ya juu walisimama kwenye foleni ndefu wakilalamika kwamba hawakuelezwa watakachokikuta. Vail Resorts iliishia kuwapa waliokwenda siku hizo punguzo la pasi ya msimu uliofuata, na kesi ikafunguliwa. Huo haukuwa mwisho wa msimu, na chanzo ni kingine, ila kidonda ni kile kile cha mtu kuachwa kwenye mataa na kituo alichokiamini.

Kabla hujalipa

Usiulize "mko wazi?" Jibu litakuwa ndiyo. Uliza lifti ya wanaoanza imefungwa kwa msimu au bado. Uliza mtu anayeteleza kwa kiwango cha kati ana njia ya kushuka hadi kwenye gari au atateremshwa na kiti. Uliza shule ya watoto siku yake ya mwisho ni ipi, kwa sababu mara nyingi hutangulia siku ya mlima. Fungua ramani ya lifti siku mbili kabla, si usiku wa safari tu, na uitazame baada ya saa tatu asubuhi, lifti zilizopangwa zikiwa zimeshaanza kweli. Lifti iliyoandikwa imefungwa siku zote mbili mchana kweupe, bila upepo, ihesabu kwamba haitarudi.

Na kama una mtoto anayeanza na tarehe imeshapita Aprili 20, ushauri wangu ni mmoja. Piga Loveland kwanza, uulize kama Valley bado iko wazi. Ikiwa imefungwa, piga Breckenridge uulize habari za Peak 8. Nao wakisitasita kukujibu, weka pesa yako ya tiketi hadi Desemba, umpeleke siku ambayo lifti zote za chini zinazunguka.